Mshono wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wetu wa chuo cha ufundi alizoea kusema kwamba fundi asiyeandika hurudia kosa la jana akidhani ni la leo. Tulimcheka. Miaka tisa imepita na leo nimenunua daftari. Mvua zimeanza, bati la karakana linapigwa ngoma toka asubuhi, na kati ya kazi na kazi napata muda wa kukaa juu ya ndoo nikaandika.

Kazi iliyoingia ni gari la porini, kuukuu, rangi ya mchanga. Mwenyewe ni mpimaji ardhi, mtu mrefu mwenye miguu kama bikari. Bampa lake la nyuma lilikunjwa na kisiki. Amekuja na jipya la chuma kizito, amelifunga blanketi kama mgonjwa. Lina kulabu mbili za kuvutia gari likikwama, na mkono wa kubebea tairi la akiba. Tarehe kumi na tano anaondoka kwenda milimani kupima njia ya barabara, mvua ipende isipende.

"Nikikwama nataka nivutwe," alimwambia Mjomba. "Hili la zamani ukilivuta unabaki nalo mkononi kama mkia wa mjusi."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Karakana ni yake. Mimi ni mtoto wa dada yake, na ndimi fundi wake wa pekee. Wateja wakinikuta peke yangu wakauliza fundi yuko wapi, yeye huwajibu kutoka ndani, "Si huyo unayemtazama." Jina langu hapa ni Cheche.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Boliti nne za bampa la zamani: mbili zimefunguka, mbili zimekatika.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegonga kwa nyundo miisho ya chesisi, vile vyuma viwili virefu chini ya gari ambako bampa hufungwa. Chuma kizima ukikigonga hulia. Hiki kimekohoa. Nikachokonoa kwa bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini, kutu ikamwagika kama majani ya chai. Kulia na kushoto, kiasi cha shubiri moja kila upande.

Nilimwita Mjomba. Aliingiza kidole tunduni, akakizungusha, akakitoa. Mpimaji alikuwa amesimama hapo na mwavuli wake unaochuruzika.

"Ukitaka nakufungia leo leo," Mjomba alimwambia. "Litapendeza. Lakini litakuwa limeshikwa na rangi tu, na mimi sijazoea kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Tukate hiyo miisho miwili, tuchomelee vipande vipya, ndipo tufunge."

"Siku ngapi, mzee?"

"Nane."

Mpimaji alihesabu kwa vidole, akakubali. Leo nimejivunia mjomba wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Umeme hakuna. Tumekaa tukitazama maji yakipita mlangoni.

Jumatatu, 10 Machi

Mjomba amepima mwenyewe mahali pa kukata, akachora mstari kwa chaki. Umepotea kwa upana wa kidole. Nikangoja aende kunywa chai, nikaufuta, nikachora wangu.

Si mara ya kwanza. Tangu katikati ya mwaka jana namwona akiinamisha kichwa pembeni, kama kuku anayetazama punje. Chai anaimimina huku ametia ncha ya kidole kikombeni ajue imefika wapi. Sijamwambia kitu. Mtu aliyekufundisha kushika nyundo, unaanzia wapi kumwambia haoni msumari? Baba alipotuacha nilikuwa darasa la tano. Mjomba ndiye aliyenichukua akanitia karakana, wakati ukoo mzima ulisema mtoto wa kike ataharibu macho.

Jumatano, 12 Machi

Upande wa kulia nimemaliza. Nilikata mpaka kwenye chuma cheupe, nikachonga kingo ziwe na mfereji, nikaingiza pleti kwa ndani kama mfupa, nikachomelea kidogo kidogo kwa zamu ili chuma kisijipinde. Mshono umetoka kama magamba ya samaki. Nikaugonga, ukalia.

Kesho wa kushoto.

Alhamisi, 13 Machi

Mama ameamka miguu imevimba, pumzi haishuki. Nimempeleka hospitali.

Ijumaa, 14 Machi

Hospitali. Wanasema ni moyo. Nimempigia Mjomba nimwambie upande wa kushoto anisubiri. Akasema, "Muuguze mama yako. Mambo ya chuma niachie."

Jumamosi, 15 Machi

Mama ameruhusiwa asubuhi na mfuko wa dawa. Nilimfikisha nyumbani, nikaenda karakana moja kwa moja na nguo za juzi.

Bampa lilikuwa limeshafungwa. Mpimaji alikuwa anapakia vyombo vyake vya kupimia. Mjomba alikuwa anafuta mikono, amefurahi kama bwana harusi.

"Nimekumalizia," akaniambia. "Imebaki rangi tu."

Nikaingia chini ya gari. Mshono wa kulia ulikuwa wangu, na magamba yake. Wa kushoto ulikuwa umesagwa kwa grinda, laini kama meza. Mjomba ndiye aliyenifundisha kwamba mshono mzuri hausagwi; anayesaga ana kitu anachosawazisha. Nikalala chali pale nikiutazama. Nikanyoosha mkono nikachukua nyundo.

Miguu ya Mjomba ikaja ikasimama karibu na kichwa changu.

"Unanikagua?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekuta mwanawe anampekua mifuko. Mpimaji naye alikuwa hapo anasikia. Mimi nilikuwa sijalala siku mbili.

"Hapana, Mjomba. Natafuta brashi."

Nikaweka nyundo chini. Nikapaka rangi ya kwanza, nikangoja ikauke, nikapaka nyeusi, mara mbili. Ilipendeza, lazima niseme. Mpimaji aliparamia bampa, akaruka-ruka juu yake kwa ile miguu yake, gari likanesa, bampa likatulia. Akatupa mkono, akaondoka.

Sasa naoga, nalala.

Jumatano, 19 Machi

Mpimaji ametuma picha: gari limesimama ukingoni mwa korongo, matope mpaka madirishani. Ameandika, "Bampa linaringa." Mjomba akaniomba nimsomee. Alisema miwani ameisahau. Miwani ilikuwa kifuani mwake.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Mama anatembea mpaka mlangoni.

Jumatatu, 24 Machi

Leo Mjomba ameokota chuma cha moto kwa mkono mtupu, akidhani ni kile kilichopoa. Nikamtia mkono kwenye ndoo ya maji, nikamshika hapo. Nikapiga moyo konde.

"Mjomba, macho yako."

"Macho yangu yana nini?"

"Twende tukapimwe. Mimi na wewe. Hata mimi yananiwasha siku hizi."

Alitoa mkono majini. "Macho ya fundi yako vidoleni, Cheche. Kamalizie ule mlango."

Nikaenda kumalizia mlango.

Alhamisi, 27 Machi

Nimempigia mpimaji. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Jumatatu: kwamba mshono wa kushoto sikuugonga, asivutwe kwa bampa lile mpaka niukague. Aliposema "Haloo, dada fundi," maneno yote yakageuka. Nikaona jinsi atakavyompigia Mjomba amuulize. Nikamwambia, "Ukipata nafasi lirudishe, nikukazie boliti. Zikishatembea huwa zinalegea."

Akanishukuru sana. Alisema ni mafundi wachache wanaomkumbuka mteja akishaondoka. Mvua zikiisha atakuja.

Nimefunga simu nikajiambia nimefanya wajibu wangu. Lakini nani atashuka milimani kwa tope hili, kwa ajili ya boliti?

Jumapili, 30 Machi

Mvua mchana kutwa. Sina la kuandika.

Jumatano, 2 Aprili

Niandike kama nilivyosikia, kabla sijaanza kupunguza.

Saa tano asubuhi mpimaji alipiga simu. Sikumtambua sauti. Aliniuliza kwanza kama Mjomba yuko karibu. Nikasema yuko nje. Akasema afadhali, akanisimulia mimi.

Jana gari lake lilizama kwenye tope kando ya mto, magurudumu ya nyuma mpaka kwenye ekseli. Alikaa saa nzima akiweka mawe. Mtu mmoja aliyekuwa analima ng'ambo ya barabara alimwona, akaja na trekta. Hawakujuana. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa koti la mvua la njano, mpole, na alipoulizwa atapewa nini alisema kwanza utoke, mengine baadaye. Akafunga mkanda wa kuvutia kwenye kulabu zote mbili za bampa, kama inavyotakiwa. Mpimaji anasisitiza hilo: alifunga kama inavyotakiwa. Akapanda trekta, akaanza kuvuta taratibu.

Gari likasogea. Mpimaji alikuwa ndani ameshika usukani, akamwona kwenye kioo yule mtu amegeuza uso mbele. Kisha akasikia mlio, anasema kama mbao inapopasuliwa. Upande wa kushoto wa bampa ulifunguka kama mlango. Wa kulia ulishika kidogo, boliti zikakatika, na bampa lote, na tairi la akiba juu yake, likaruka kufuata mkanda mpaka kwenye kiti cha trekta.

Limempiga kisogoni. Trekta iliendelea kwenda peke yake mpaka kwenye mahindi.

Mpimaji alimbeba mgongoni, maana gari halikutoka. Walipofika barabara kubwa hakuwa akipumua tena.

"Dada fundi," akasema, "zile boliti ulizoniambia. Ningerudi ningekuwa…" Hakumaliza. Anajilaumu yeye. Anadhani ni boliti.

Nilimwacha aendelee kudhani. Nilisema pole. Nikaenda nje nikamwambia Mjomba. Alikaa chini, pale pale aliposimama, akaweka viganja juu ya magoti. Kisha akauliza, "Kulia au kushoto?"

"Kushoto."



Ijumaa, 4 Aprili

Mkaguzi wa magari wa polisi amekuja, mwanamume mfupi mwenye daftari la jalada gumu. Aliuliza nani alifanya kazi ile. Mjomba akasema, "Yote mimi, toka mwanzo mpaka mwisho. Huyu alikuwa hospitali na mama yake." Mkaguzi akanitazama. Nilikuwa nimeshika spana. Nikatazama spana.

Jumapili, 6 Aprili

Mjomba amekuja nyumbani kwa Mama. Alikuwa amevaa shati la kutokea, kama anayekwenda kuposa.

"Nimeshapanga," akasema. "Nitawaambia niliharakishwa, nikalipua kazi. Nina miaka sitini na minane. Wakinifunga nitakula, nitalala. Wewe bado una maisha marefu, na mama yako ana moyo mbovu. Usiseme neno."

"Msikilize mjomba wako," Mama akasema. "Amekulea. Kwa nini mwingie wawili mahali panapotosha mmoja?"

"Na macho utawaambia?" nikamuuliza.

"Macho yangu yanaingiaje?"

"Mjomba, hukuuona ule mshono. Hukulipua kazi. Hujawahi kulipua kazi."

Mama akaniambia ninyamaze. Mjomba alikuwa ameshasimama anatafuta mlango, na mlango ulikuwa upande wa pili.

Nimekuwa nikiwaza tangu alipoondoka. Tangu juzi nilimwona kama shujaa anayejitwika mzigo wangu. Ndivyo alivyo. Lakini leo nimeona na jambo la pili: yuko radhi kufungwa kwa jina la fundi mzembe kuliko kuonewa huruma kwa jina la mzee asiyeona. Nami kwa heshima yangu nimemsaidia kufika hapo, hatua kwa hatua, nikimfutia chaki.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Nimekumbuka bembea.

Jumatano, 9 Aprili

Mwezi wa kumi na moja Mjomba alitengeneza bembea nne za shule ya awali iliyo nyuma ya soko. Alizitengeneza peke yake, mimi nilikuwa na kazi ya lango. Leo nimekwenda na nyundo. Watoto wako likizo. Mwalimu mkuu alinifungulia, akasimama barazani na sweta mabegani kwa sababu ya baridi.

Bembea ya kwanza ililia. Ya pili ikalia. Ya tatu nilipoigonga pigo la pili, mshono wa juu ulifunguka, na kulikuwa na rangi ndani yake. Chuma na chuma havikuwahi kushikana. Vilikuwa vimekaa jirani tu miezi mitano, na watoto chini yake.

"Wanarudi lini?" nikamuuliza mwalimu.

"Jumatatu."

Nikazikata zote nne kwa msumeno. Alinisaidia kuzibeba. Hakuuliza sana, na mimi sikueleza sana, lakini njiani nilielewa. Mjomba akisema aliharakishwa, basi kosa ni la gari moja, na gari moja limeshaua, limeisha. Akisema haoni, kosa ni la kila kitu alichogusa tangu mwaka jana. Kiko nje huko. Watu wanakiegemea.

Jumamosi, 12 Aprili

Mjane wa mwenye trekta amekuja.

Alikuja peke yake, kwa miguu kutoka kituoni, viatu ameshika mkononi kwa sababu ya tope. Ni mwanamke wa rika langu, labda amenizidi miaka mitatu. Alisema hakuja kugombana. Mkaguzi alimwonyesha bampa, akamwambia limetoka hapa, akataka kuwaona watu.

Mjomba alimpa kiti. Nikampa maji ya kuoshea miguu, akayatumia, akavaa viatu. Ndipo akauliza.

"Nani alitengeneza?"

"Mimi, mama," Mjomba akasema.

"Ulijua kuwa ni bovu?"

"Hapana. Naapa sikujua."

Alimwamini. Nilimwona akimwamini, mabega yake yakashuka. Hata mimi nilijua anasema kweli. Kisha akanigeukia, nadhani kwa adabu tu, kwa vile nilikuwa nimesimama.

"Na wewe, dada?"

Mjomba akaanza kusema kwamba nilikuwa hospitali.

"Nilijua," nikasema. "Sikuwa na hakika, lakini nilijua. Nilikuwa na nyundo mkononi, nikaiweka chini. Baadaye nikapiga simu kuonya, nikaongopa kwenye simu. Mjomba haoni vizuri tangu mwaka jana. Nililijua hilo nalo."

Mvua ilikuwa imekatika. Yule mwanamke alinitazama. Nilitegemea matusi, ningeyapokea.

"Alikuwa anapenda kusaidia watu," akasema. "Nilikuwa namkanya." Akainuka, akaenda zake.

Mjomba hakunitazama. Alitafuta ufunguo mfukoni, akafunga kabati la vifaa, akaondoka akipapasa ukuta kwa mkono.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeandika maelezo yangu kwa mkaguzi, kurasa nne. Nimeweka sahihi.

Alhamisi, 17 Aprili

Mjomba amepelekwa kupimwa macho kwa amri ya polisi. Presha ya macho. La kulia limekufa, la kushoto limebaki na tundu dogo katikati. Daktari alishangaa anavyotembea.

Mama hasemi nami. Ananiandalia chakula, anakifunika, anaingia chumbani.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nimekuta karatasi mezani, chini ya sahani. Mwandiko wa Mama, maneno ya Mjomba. Kazi zote alizofanya kwa mkono wake tangu mwezi wa sita, bila kuacha moja: kulabu ya tela la maji, ngazi ya tangi la kwenye paa la duka la dawa, vyuma vya dirisha, kitanda cha mgonjwa, lango la kanisa, kiti cha nyuma cha baiskeli ya muuza maziwa. Thelathini na saba. Hakuwa na daftari. Zote zilikuwa kichwani.

"Amesema anza na zinazobeba watu," Mama akasema kutoka chumbani. Ni maneno ya kwanza kwangu baada ya siku kumi.

Ijumaa, 25 Aprili

Sita nimegonga. Mbili mbovu. Mwenye tela amenitukana mbele ya watu, kisha akanisaidia kulifungua.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Kumi na tisa. Mbovu tano. Mpimaji amekuja na kunibeba kwa gari la kukodi mpaka nyumba za mbali. Sikumwomba. Njiani alisema mara moja, "Ungeniambia tu, dada." Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 12 Mei

Tumeshtakiwa wote wawili, yeye kwa uzembe uliosababisha kifo, mimi kwa kuficha. Kesi ni mwezi wa saba. Kizimbani tulisimama bega kwa bega, na hakimu alipomwita Mjomba asogee mbele, yeye alitafuta kiwiko changu. Nikampa. Tuliporudi mahali petu akakiachia.

Ijumaa, 16 Mei

Thelathini na sita zimekwisha. Mbovu tisa.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua zimekwisha. Ya thelathini na saba ni kishikio cha ngazi yetu ya nyuma, hapa nyumbani, anachoshika Mama kila siku akienda kuanika nguo. Aliiandika mwenyewe kwenye karatasi, na tangu siku ile ameendelea kukishika.

Nilipotoka na nyundo alikuwa amekaa kizingitini. Mjomba alikuwa kwenye kiti ukumbini; siku hizi Mama humleta kwetu mchana. "Hicho kizima," Mama akasema. "Kiache."

Nikakigonga chini, kikalia. Nikagonga juu, kikakohoa. Pigo la tatu kikang'oka ukutani, kikabaki kinaning'inia.

Mama alikitazama. Alishika kifua kidogo, akaachia. Sikujua kama nimpe maji au nimwombe radhi.

"Basi kachukue mashine," akasema. "Uchomelee upya. Mimi nitapita wapi?"

Nimeleta mashine kwa toroli. Kishikio ni kirefu, mtu mmoja huwezi kukinyanyua na kuchomelea kwa wakati mmoja. Nilikuwa nahangaika na kamba Mjomba alipotoka, akishuka kwa kupapasa kila ngazi kwa unyayo. Hajasema nami tangu tarehe kumi na mbili ya mwezi uliopita, na leo pia hakusema. Alipapasa mpaka akakipata chuma, akakinyanyua mpaka usawa wake, akageuza uso pembeni, akasubiri niwashe.